Mbwa wa Ambrose na Vicheche

Kaka yangu Ambrose alizikwa mwezi wa Novemba, siku ya upepo mkali, na tuliporudi kutoka makaburini mbwa wake alikuja nasi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kumchukua. Tam alikuwa mbwa wa aina ya teria, wa makamo, mdogo, miguu mifupi, manyoya magumu ya rangi ya mchanga uliolowa, na sikio moja lilikuwa na mpasuko aliofanyiwa na panya. Njia nzima alitembea kando ya mguu wangu bila kuvutwa. Nilidhani huzuni imemlegeza. Lakini nilipofungua mlango wa uani, aliinua pua, akatetemeka mwili mzima, akaipokonya kamba mkononi mwangu na kwenda kujipigiza kwenye waya wa kibanda cha vicheche.

Mume wangu Cuthbert alikuwa bado na suti ya mazishi. Alimwahi, akamshika ngozi ya shingo na kumwinua juu. Ndani ya kibanda wanyama wake wanne walikuwa wamerundikana pembeni, mikia imetuna, wakizomea.

"Shemeji katuachia mtihani," Cuthbert alisema. Alipumua kidogo kwanza, maana kifua chake kilishajaa vumbi la mgodi na hakikumruhusu kusema maneno mengi kwa pamoja. "Thirza, huyu atanimalizia wote kabla ya Krismasi."

Nilimfungia Tam kwenye chumba cha kufulia. Alilia mpaka usingizi ukamchukua, na sikujua analia kwa ajili ya Ambrose au kwa ajili ya vicheche.

Asiyewafahamu wanyama hao angeweza kuuliza kwa nini tusiwagawe tu. Ni wembamba na warefu, kwa umbo utadhani nguchiro, na kazi yao ni kuingia kwenye mashimo ya sungura na kuwatoa mbio, ili wanase kwenye nyavu tulizotega nje. Wenye kondoo bondeni kwetu walimwita Cuthbert kila majira ya baridi, kwa sababu sungura humaliza majani yote. Nasi tulikula nyama ya sungura hao, ya mchuzi au ya kuoka ndani ya unga. Lakini si nyama iliyokuwa muhimu. Mgodi ulipomtoa, Cuthbert hakuwa na kitu kingine cha kumfanya avae viatu asubuhi. Tena kule mlimani aliweza kukaa chini kwenye majani kwa muda mrefu na hakuna aliyejua kwamba anapumzisha kifua. Kila mtu alidhani anamsubiri kicheche atoke.

Ambrose naye alikuwa mwua panya. Alizunguka na Tam kutoka shamba hadi shamba, wakafukua chini ya maghala, na kila kilichochomoza shimoni Tam alikikamata shingoni, akakitikisa mara moja na kukitupa. Hiyo ndiyo elimu aliyokuja nayo kwetu. Chochote chembamba, chepesi, chenye harufu kali, kinachotoka chini ya ardhi, ni cha kuuawa, na akikiua anasifiwa.

Niliwauliza wenye mashamba kama kuna anayemtaka. Walinijibu kwa upole. Siku hizi wanatumia sumu, walisema, na mmoja alinikumbusha kwamba Tam aliwahi kumwuma mleta barua. Walimsifu Ambrose sana, lakini mbwa wake hakuna aliyemhitaji.

Basi tulikuwa na kiwanja kidogo chenye kuta pande zote, kibanda hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na mbwa aliyelala akiwa ameelekeza pua huko. Mara moja alichimba chini ya mlango wa chumba cha kufulia mpaka kucha zikatoka damu.

Jirani yetu Norman Raine alikuja kumtazama. Yeye na Cuthbert walifanya kazi mgodini pamoja tangu ujana, na kila alichokuwa nacho mmoja wao mwingine alikikosoa. Norman alisimama uani mikono mifukoni, akamwangalia Tam kupitia dirishani.

"Mbwa aliyekomaa ni kama mkwe wangu," alisema. "Akija kwako ameshaharibika, wewe mzoee tu au mfukuze. Kumfundisha, sahau."

Cuthbert akamwambia kwamba mkwe wake angalau hachimbi milango. Norman akasema hilo ni kwa sababu hana nguvu hata za kuchimba. Walicheka, Cuthbert akakohoa, wakarudi kwenye jambo lenyewe. Iko dawa moja, Norman alisema, waliyoitumia baba zao wote wawili: mbwa anashikwa, kicheche anasogezwa, anamng'ata pua vizuri, na tangu siku hiyo mbwa anamheshimu.

Nimesikia habari ya dawa hiyo tangu nilipozaliwa. Wazee wote wa bonde hili waliisifu, na sijui kama kuna aliyewahi kuuliza mbwa wangapi iliwaponya. Kwa mtoto wa mbwa ambaye hajawahi kuua kitu, labda. Nilimwambia Cuthbert kwamba Tam ameng'atwa pua na panya maisha yake yote, na kila aliyemng'ata hayuko hai. Cuthbert alinisikiliza. Kisha akasema baba yake hakuwa mjinga.

Walifanya Jumamosi asubuhi. Norman alipiga magoti na kumbana Tam katikati ya mapaja, mkono mmoja kwenye ukosi. Cuthbert akalitoa lile jike jeusi, ambalo ndilo lililokuwa fundi kuliko wote. Vicheche wake wengine walikuwa weupe. Huyo alikuwa na manyoya ya kahawia iliyokaribia weusi, na alama nyeusi usoni kama barakoa. Cuthbert alimpenda, ingawa asingekubali kusema hivyo juu ya mnyama. Akamsogeza puani mwa Tam.

Jike likang'ata, kweli, na likagoma kuachia. Tam hakulia. Alinyamaza kabisa, na mimi niliyekuwa mlangoni nilijua maana ya ukimya huo kwa sababu nilikwisha kumwona kazini. Alijikunja kama samaki, akachomoka mapajani mwa Norman akimwachia manyoya mkononi, na kicheche akawa mdomoni mwake. Norman alimbana taya kwa vidole. Cuthbert alimchomoa mnyama wake. Yote yalikwisha kabla sijashuka kizingiti.

Jike halikufa. Tam alilishika mgongoni badala ya shingoni, kwa kuwa lilikuwa limening'inia puani na hakupata nafasi. Cuthbert alikaa na kicheche ndani ya shati lake mbele ya moto mpaka jioni, akimpa maziwa kwa kidole. Hakumlaumu Norman. Norman naye hakutania tena. Alipoaga alisimama karibu nami, akashusha sauti, akaniambia kwamba anayo bunduki, kwamba kule juu karibu na machimbo ya zamani ni pazuri, na kwamba Tam atakuwa ananusa upepo na hatajua chochote. Alisema atafanya yeye, ili Cuthbert asilazimike. Niliona kwamba anasema kwa huruma, ndiyo maana sikumjibu vibaya.

Baada ya chakula Cuthbert alisema Norman amesema kweli.

"Nimemzika mmoja mwezi huu," nilimwambia. "Usinipe wa pili."

 Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, na wakati wa theluji hakuna anayepanda mlimani na vicheche, mashimo hayaonekani. Cuthbert aliniambia, basi, tusubiri mpaka theluji iyeyuke. Ikiyeyuka, atapanda mlimani kufanya kazi yake, na kama bado hawezi kumwamini mbwa huyu, Norman atakuja.

Nilianza na nilichokijua. Ambrose alipompata Tam akiwa mdogo hakutaka awaue kuku wa watu, na alimlaza kwenye magunia ambayo vifaranga waliyalalia. Alisema mbwa hamdhuru anayenuka kama kitanda chake. Nikachukua gunia kutoka kibanda cha vicheche, nikamwekea Tam mahali pa kulala. Alilichana vipande vipande, akalala juu ya sakafu tupu akiwa ameridhika na kazi yake. Nikajaribu tena kwa kitambaa. Ikawa vilevile. Tam hakuwa mtoto tena. Harufu ile kwake ilishakuwa na jina.

Nyuma ya mlango wa jikoni nilikuwa nimelitundika koti la kazi la Ambrose tangu siku tuliyosafisha chumba chake. Lilikuwa la sufu nzito, mifuko imelegea. Lilinuka tumbaku, dawa ya kondoo, peremende zake za mnanaa, na chini ya hayo yote, yeye. Sikumwambia mtu, lakini asubuhi kabla Cuthbert hajaamka nilikuwa nikiweka uso wangu kwenye ukosi wake. Siku moja nilimkuta Tam amesimama kwa miguu ya nyuma, pua imezama kwenye mfuko wa koti hilohilo, mkia umetulia. Tulitazamana. Nadhani kila mmoja wetu alimwelewa mwenzake.

Ndipo nilipopata wazo, na sikulipenda. Nilikaa nalo siku kadhaa nikitafuta lingine.

Kila anayefuga vicheche anajua kwamba harufu yao haitoki. Unaweza kufua, kuchemsha, kuanika kwenye upepo wa mlimani, bado ipo. Cuthbert aliponiona nimelishika koti nikielekea kibandani alinifuata uani bila kofia.

"Thirza, likiingia humo hutalipata tena. Unajua?"

"Najua."

"Kuna koti langu kuukuu."

"Tam hampendi mwenye koti hilo," nilisema, na Cuthbert akacheka kidogo, akanifungulia kibanda mwenyewe.

Vicheche walilifurahia. Waliingia kwenye mikono yake kama kwenye mashimo, wakabeba nyama mpaka ndani ya mfuko, wakalala wote wanne kwenye bitana. Nililiacha huko mpaka nikawa nasikia harufu yake nikiwa jikoni. Kisha nilikata mkono mmoja kwa mkasi, nikampelekea Tam, nikakaa chini karibu naye.

Alikimbilia, akasimama. Alinusa upande mmoja, akanusa mwingine. Alitoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Alizunguka mkono ule, akaukwangua mara mbili, nikafikiri sasa anauchana. Akalala juu yake, akaweka kidevu pale kifundo cha mkono wa Ambrose kilipokuwa.

Huo haukuwa mwisho wa kazi. Norman aliposikia aliniambia nimemfundisha mbwa kupenda koti, na koti halitembei. Alisema kweli. Lakini sasa nilikuwa na mahali pa kuanzia.

Cuthbert alimtengenezea Tam kikapu cha ngozi cha kufunga mdomo, chenye nafasi ya kuhemea na kupitisha kipande cha ini. Alisema anakitengeneza kwa ajili ya usalama wa vicheche tu, lakini alikilainisha kwa mafuta ndani ili kisimchubue pua, ambayo ilikuwa na kidonda bado. Tulifanya hivi: kwanza nilimtembeza Tam barabarani kwenye theluji mpaka achoke. Cuthbert aliwashibisha vicheche mpaka wasinzie. Kisha nilikaa kwenye kiti kimoja nikiwa nimefunga kamba ya Tam kiunoni, na Cuthbert alikaa upande wa pili wa jiko akiwa na kicheche ndani ya kile kilichobaki cha koti, kichwa tu kimetokeza. Tam akikaza macho, sikusema kitu. Akiyaondoa, hata kwa kufumba na kufumbua, alipata ini.

Mwanzoni hakuyaondoa. Alitetemeka, udenda ulichuruzika kwenye kikapu, nikamtoa nje na tukaacha. Tulijaribu tena kesho yake na keshokutwa. Nilijifunza kwamba kicheche akitulia Tam anaweza kumvumilia, lakini akiruka tu, hata kwa mchezo, Tam anarudi kuwa mwua panya. Kwa hiyo hatukumruhusu aruke. Baadaye tulimruhusu atembee kidogo kwenye kamba yake. Kulikuwa na siku Tam alifanya vizuri mpaka nikataka kumfungua mdomo, na siku iliyofuata alijirusha mpaka kiti changu kikaanguka nami nikiwa juu yake. Cuthbert aliniinua. Nilimwona anatazama dirishani kuona kama theluji bado ipo, na nilijua kwamba hata yeye sasa hataki iyeyuke.

Tulianza na yule mweupe mzee, mpole, kisha wengine. Jike jeusi tulilileta mwisho, mgongo wake ukiwa umepona. Lilimzomea Tam, na Tam akarudi nyuma mpaka akanigonga magoti. Halafu alipiga miayo, akageuza uso na kuanza kutazama mguu wa meza kana kwamba ni kitu cha maana sana. Cuthbert alisahau kupumua. Nilimpa Tam ini lote lililobaki.

Hatukuwahi kuwaacha peke yao. Cuthbert aliweka komeo la pili kwenye kibanda, nami nililihakikisha kila nilipopita.

Theluji iliyeyuka kwa mvua. Siku ardhi ilipokauka Norman aligonga mlango, kofia mkononi, bunduki imefungwa kwenye kitambaa. Aliiacha nje ya mlango. Alikunywa chai, akamwona Tam amelala chini ya meza na kicheche mweupe usingizini kwenye mapaja ya Cuthbert. Alisema ni jambo la ajabu. Akaongeza, akimwangalia Cuthbert na si mimi, kwamba jikoni si mlimani. Jikoni kicheche anatoka kwenye koti. Mlimani anatoka shimoni.

Cuthbert alisema ndiyo maana tunakwenda sote, pamoja na Tam.

Tulipanda polepole, Cuthbert akisimama mara kwa mara kutazama mandhari aliyoiona maisha yake yote. Kwenye mteremko wa chini ya machimbo kulikuwa na mashimo mengi ya sungura. Walifunika midomo yake kwa nyavu. Nilikaa mbali kidogo na Tam, kamba ndefu imezungushwa mkononi. Nilimvua kikapu. Cuthbert hakuniambia nifanye hivyo. Alikuwa amesema tu kwamba akimwona Tam amefungwa mdomo hatajua kama anaweza kumwamini. Nyuma yetu Norman alikuwa ameifungua bunduki kitambaa.

Cuthbert aliliingiza jike jeusi. Chini ya miguu yetu ukasikika mshindo. Sungura alitoka, akanasa, Cuthbert akamwangukia. Mwingine. Tam alikuwa anatetemeka, masikio mbele, lakini alikaa. Kisha kukawa kimya, na Cuthbert akaanza kuangalia shimo hadi shimo.

Hatukujua kwamba palikuwa na shimo dogo chini ya nyasi zilizolala, halina wavu, mbele kabisa ya nilipokaa. Nyasi zilitikisika. Jike likachomoza kichwa, uso wake mweusi umejaa udongo, manyoya ya sungura mdomoni, karibu kiasi kwamba Tam angelifikia kwa kuinama tu.

Tam akanyamaza ule unyamavu wake. Niliona misuli ya mgongo ikikusanyika. Nilikuwa na kamba, lakini kamba isingewahi. Sikumwita, niliogopa sauti yangu ingemchochea. Jike lilitoka zima, likajikung'uta udongo, likapita mbele yake likiruka kwa ile miruko yao ya kijinga.

Tam alishusha pua, akalinusa mgongoni, pale alipoliuma. Alilamba midomo yake. Kisha aligeuza uso, akatazama upande mwingine, bondeni, na akabaki hivyo shingo imekaza, kama mtu kanisani anayejizuia kucheka.

Cuthbert alikuja akalichukua jike na kulitia sandukuni. Akakaa chini karibu na Tam, na Tam akamwegemea ubavuni.

Nilisikia Norman akitoa risasi kwenye bunduki. Alizitia mfukoni, akaja kusimama juu yetu.

"Ghala langu limejaa panya," alisema. "Nitamwazima lini?"

"Kamlete mkwe wako achimbe," Cuthbert alimjibu.

Tulishuka jua likiwa bado juu ya kilima. Norman alibeba sungura, Cuthbert sanduku la vicheche, mimi nilikuja nyuma na Tam. Tulipofika kwenye lango la shamba la Hollin, ambako Ambrose alikuwa akikatiza kila wiki kwenda kazini, Tam alisimama. Alitazama njia ile ya udongo inayopanda mpaka maghalani. Wanaume walitangulia. Sikumvuta. Nilisimama naye, mkono juu ya lango, tukaitazama njia pamoja, na alipogeuka mwenyewe tukaendelea kushuka.